ANZA NA VYUMBA VIWILI, UEZEKE KABLA YA MASIKA



Nimeombwa nizungumze juu ya nyumba ya gharama nafuu. Nikisema nyumba ndogo msicheke. Nasema nyumba ya kulala baba, mama na watoto, siyo ile nyingine mnayoifikiria.

Tazameni huku kwetu Uluguru. Mtu anauza ndizi, anapata fedha kidogo. Anapima nyumba ya vyumba vinne na ukumbi. Anapandisha kuta, fedha zinakwisha. Kuta zinabaki wazi. Mvua inakuja. Upande wa mashariki, kule Kinole na Tegetero, mvua haina likizo. Hunyesha karibu mwaka mzima. Kuta zinalowa, zinalika, mwisho zinaanguka. Jasho lake lote limekwenda na maji mto Ruvu.

Basi neno langu ni moja: pima nyumba unayoweza kuiezeka mwaka huu huu.

Kipimo cha nyumba

Anza hesabu na bati, siyo na ukuta. Bati la futi 10 ni karibu mita 3. Nyumba ikiwa na upana wa mita 4 kwa nje, na paa lisiwe la kusimama sana, bati moja linatosha kutoka juu mpaka nje ya ukuta. Tena linatokeza zaidi ya nusu mita, likinge ukuta na mvua. Hakuna kuunga, hakuna kukata.

Urefu weka mita 6. Gawa katikati, umepata vyumba viwili. Paa likitokeza nusu mita kila mwisho, litakuwa na urefu wa mita 7. Kila bati likifunika sentimita 70, ni mabati 10 upande huu na 10 upande ule. Jumla ni 20, pamoja na kofia za juu. Ukiongeza upana mita moja tu, paa litatokeza kidogo, au itabidi uunge mabati, na hesabu inapanda.

Dukani uliza geji. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, ingawa namba yake ni ndogo. Wengi hukosea hapo.

Jiko liwe nje, moshi usiwaumize watoto.

Kiwanja

Sakafu yote iwe ya usawa mmoja. Msingi unakuwa rahisi, na bibi mzee hajikwai usiku. Lakini mlima hauna usawa, lazima tuukate. Laza nyumba ikingame na mteremko, kama wenzetu wa Mgeta wanavyokata ngazi za mboga. Kwa nini? Chukua mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 4. Ukiilaza nyumba hivyo, utachimba kina cha mita 1 upande wa juu. Ukiielekeza bondeni, utachimba mita 1 na nusu. Kazi imeongezeka, na ukingo mrefu huporomoka upesi.

Nyumba ikae yote juu ya ardhi iliyokatwa, siyo juu ya udongo uliomwagwa. Udongo wa kumwaga hutitia, na ukuta hupasuka. Usibanane na ukingo. Acha mita 2. Juu ya ukingo chimba mfereji upeleke maji pembeni. Na usijenge katika njia ya korongo, hata kama limekauka. Maji hayasahau njia yake.

Kuta

Mawe tunayo. Jenga msingi wa mawe, uinuke mpaka usawa wa goti, ili maji yanayoruka chini yasiloweshe ukuta.

Matofali ya kuchoma hula kuni nyingi. Misitu yetu ya Uluguru ilifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008. Huko ndiko yanakotoka maji wanayokunywa watu wa Morogoro mjini na Dar es Salaam. Tukiichoma kwa ajili ya matofali, tutakunywa nini?

Yapo matofali ya kufungamana. Udongo huchanganywa na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono, wala hayachomwi. Huwekwa kivulini na kumwagiliwa maji siku 7 au zaidi. Yanashikana yenyewe, kwa hiyo saruji ya kujengea ni kidogo. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ulioanzishwa mwaka 2001, umeyaeneza sehemu nyingi. Mtu mmoja hawezi kununua mashine. Kikundi kinaweza kuichangia, au kuulizia halmashauri.

Asiye na saruji atumie matofali mabichi. Yatadumu, mradi yana msingi wa mawe chini na paa la kutokeza juu.

Fedha zikipatikana baadaye, refusha nyumba mita 3, upate chumba cha tatu. Upana ni ule ule, mabati ni yale yale ya futi 10. Kwa hiyo acha nafasi tangu leo.

Ndugu zangu, mwaka 1973 wazee wetu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Hawakuishia kusikiliza, walichimba vyoo. Nasi tusiishie kusikiliza. Chukueni kamba, mkapime mita 6 kwa mita 4.