Niliuza vepu Kariakoo, leo nasema

(Haya ni maneno niliyotoa kwenye kikao cha vijana wa kata yetu. Wengi mliniomba niyaandike, basi nimeyaweka kama nilivyoyasema.)



Mnanifahamu. Niko Mtaa wa Aggrey, nauza chaja na kava za simu. Naanza kwa kukiri: kwa miezi nane niliuza na vepu, zile sigara za kielektroniki. Nilizipanga mbele karibu na flashi, za rangi rangi, ladha ya embe, tikiti, mnanaa. Mzigo ulitembea kweli. Na wateja wangu wengi hawakuwa watu wazima. Walikuwa madogo wa sekondari, wanakuja jioni, shati la shule wamelificha kwenye begi. Sikuuliza umri. Niliuliza hela.

Kulikuwa na dogo mmoja wa kidato cha tatu. Alianza na embe. Siku moja akaja, vepu yake imekwisha, hela ya nyingine hana. Nikamwona anavuka barabara kwa jamaa wa trei ya karanga, pipi na sigara. Akanunua sigara moja, akaomba kiberiti, akaivuta kama mtu mwenye kiu. Usiku ule sikulala vizuri. Nina mdogo wangu wa umri huohuo.

Sasa, dogo mmoja si ushahidi. Sisi tunaidai serikali takwimu kila siku, basi na sisi tuje na takwimu.

Mwaka 2017 Samir Soneji na wenzake walikusanya tafiti 9 za Marekani, zenye vijana zaidi ya 17,000 wa miaka 14 hadi 30. Waliangalia wale ambao mwanzoni hawakuwa wamewahi kuvuta sigara. Kati ya waliokuwa wameshaonja vepu, kama 30 kwa kila 100 walikuja kuvuta sigara baadaye. Kwa wasioonja, kama 8 tu. Hata walipoweka kwenye hesabu mambo mengine yanayomsukuma kijana kuvuta, pengo lilibaki kubwa.

Wapo wanaopinga, na wana hoja. Wanasema dogo anayependa kujaribu atajaribu vyote, vepu haijamsukuma. Tena kulekule Marekani, wanafunzi wa sekondari wanaovuta sigara walikuwa karibu 16 kwa 100 mwaka 2011. Vepu zikajaa shuleni, lakini mwaka 2024 wavuta sigara hawafiki hata 2 kwa 100. Kwa hiyo asisimame mtu hapa akasema kila anayevuta vepu ataishia kwenye sigara. Tutachekwa.

Lakini Kariakoo si Marekani. Kule sigara ni ghali, inauzwa pakiti nzima, na aliye chini ya miaka 21 haruhusiwi kuuziwa. Huku sigara moja haifiki bei ya soda na ipo kila kona. Nikotini ya embe na nikotini ya sigara ni ileile, na ubongo wa dogo anayekua huizoea haraka. Vepu ikiisha au hela ikikata, mwili bado unadai. Anayedaiwa hukimbilia pa karibu na pa bei rahisi. Daraja la kutoka vepu kwenda sigara, hapa kwetu ni hatua kumi za kuvuka barabara.

Sheria yetu ya bidhaa za tumbaku ni ya mwaka 2003. Mwaka huohuo Hon Lik, mfamasia wa China, ndiyo kwanza alikuwa anaomba hataza ya sigara ya kielektroniki. Yaani sheria ilitungwa kitu chenyewe hakijafika sokoni. Inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, sawa. Lakini ndani ya vepu hakuna jani la tumbaku, kuna maji yenye nikotini. Muuzaji akikwambia "hii si tumbaku, kaka", utamjibu nini? Mimi mwenyewe niliwajibu watu hivyohivyo. Wenzetu Uganda walimaliza ubishi huo mwaka 2015: sheria yao ilizitaja sigara za kielektroniki, ikazipiga marufuku, na umri wa kuuziwa tumbaku ukawa 21.

Tusiridhike na tamko. Mwaka 2016 shisha ilipigwa marufuku Dar kwa matamko. Nani hapa atasema imeisha? Tamko likitoka, anayekimbizwa na mgambo ni machinga wa Mtaa wa Kongo. Mwenye kontena halali njaa.

Kwa hiyo naomba kikao kibebe haya. Sheria itaje nikotini, isiishie kwenye jani. Udhibiti uanzie bandarini, kwa mwagizaji. Na sigara isiuzwe moja moja. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, unatutaka tuelekee huko. Najua jamaa wa trei ni mwenzetu, na hilo litamuuma. Apewe muda na apewe elimu, asipigwe rungu.

Mzigo wangu uliobaki niliurudisha kwa bosi wa jumla, kwa hasara. Alinicheka. Dogo bado anapita pale jioni, ananisalimia vizuri tu, "shikamoo bro." Halafu anavuka barabara.