Karatasi Ikiwa Bado Mbichi

Leo tumekuja na jambo ambalo pengine hamkulitazamia katika kipindi cha ibada. Twataka kuzungumza juu ya karatasi, lakini maneno yaliyoandikwa juu yake tutayaacha kando. Tutaitazama karatasi yenyewe, na hasa saa ile ambayo imekwisha kuwa karatasi lakini bado haijakauka.

Hebu tuanze na mti. Mti hukatwa, huambuliwa maganda, hukatwakatwa vipande vidogo, kisha hupikwa kwa dawa kali mpaka nyuzi zake ziachane. Nyuzi hizo hutiwa maji mengi ajabu. Rojo hilo linapoingia mashineni, katika kilo 100 nyuzi hazifiki hata kilo 1. Yote yaliyobaki ni maji. Humwagwa juu ya wavu mwembamba unaokimbia bila kukoma. Maji huchuruzika chini, nyuzi hubaki juu zimelaliana, na kufikia mwisho wa wavu mtu angesema, naam, hii ni karatasi. Lakini ukiipima, katika kilo 100 za kitu hicho kilo 80 hivi bado ni maji.

Na hapo ndipo penye taabu. Wavu umekwisha, na karatasi haina budi kuondoka juu yake iende kwenye blanketi la sufu, ambalo litaipeleka katikati ya rola nzito za kuikamua, na baadaye kwenye mapipa ya chuma yenye mvuke ndani ili ikaushwe. Katika mashine za zamani palikuwa na pengo kati ya wavu na blanketi. Karatasi ilivuka ikining'inia hewani, haikushikwa juu wala chini. Ilishikwa na maji yake yenyewe tu, kwa maana nyuzi zilizolowa hunatana kwa unyevu, kama kurasa mbili za kitabu kilichonyeshewa. Mshikamano wake wa nguvu huja zinapokauka. Tena blanketi lilitakiwa kukimbia kasi kidogo kuliko wavu, kwa sababu karatasi mbichi hunyooka inapovutwa. Kasi ikizidi, karatasi hukatika. Ikipungua, hulegea na kujikunja. Fikirini basi mashine kubwa za leo, ambazo huweza kupita mita 1,000 kwa dakika moja, na karatasi yenye mapana ya chumba kizima.

Mfaransa Louis-Nicolas Robert alipopata hataza ya mashine ya kwanza ya karatasi ndefu mwaka 1799, hakuwa na la kufanya juu ya pengo hilo. Karatasi yake ilitolewa kwa mikono ikiwa mbichi, ikatundikwa kukauka kama nguo. Yeye mwenyewe hakutajirika. Alikufa mwaka 1828 akiwa mwalimu wa shule. Ndugu wawili wa London, Henry na Sealy Fourdrinier, waliigharimia kazi hiyo huko Uingereza mpaka wakafilisika. Jina lao ndilo linaloitwa mashine hizo hata leo, jambo ambalo halikuwalipia madeni. Waliokuja baadaye walipata njia ya kulipunguza pengo: blanketi huletwa chini mpaka liguse karatasi ingali juu ya wavu, na ndani ya rola yake mna nguvu ya kunyonya hewa inayoishika karatasi ikapanda nalo. Karatasi ilibaki na udhaifu wake ule ule. Kilichoondolewa ni ile safari ya hewani.

Sasa, karatasi ikikatika, hurudishwaje? Swali hili lilitusumbua, kwa maana mtu hawezi kulibeba shuka la mita nyingi lililolowa akalipitisha kwenye rola kumi au ishirini. Jibu ni kwamba hawalipitishi lote. Mchirizi mwembamba wa maji yenye kani hukata ukanda mwembamba pembeni, nao huitwa mkia. Mkia huo peke yake ndio unaotangulia. Huongozwa kutoka rola hadi rola, na penye mapipa ya mvuke hubanwa kati ya kamba mbili zinazozunguka pamoja nayo mpaka ng'ambo. Mkia ukishafika salama, ule mchirizi husogezwa polepole kuelekea upande wa pili, na ukanda hupanuka, mpaka karatasi yote imefuata njia iliyofunguliwa na kipande kidogo.

Lakini tusiifanye kazi hii kuwa hadithi tamu. Mahali rola mbili zinapokutana huvuta kila kinachozikaribia, na wako wafanyakazi katika nchi nyingi waliopoteza vidole na mikono walipokuwa wakiuingiza mkia. Kamba zile ziliwekwa ili mkono wa mtu ukae mbali. Sisi tunaonunua daftari dukani, tukalalamika bei, ni vema tukumbuke hilo.

Kwetu Kenya kazi hii ilifanyika Webuye, mji uliokuwa ukiitwa Broderick Falls, kando ya mto Nzoia. Kiwanda cha Panpaper kilianza kutoa karatasi mwaka 1974. Aliyesafiri kwenda Malaba miaka ile aliijua Webuye kwa harufu kabla hajaiona. Mwaka 2009 mashine zilisimama, na mji mzima ukabaki ukining'inia. Mwaka 2016 kiwanda kikanunuliwa na kampuni ya Rai. Katikati ya miaka hiyo wako watoto walioacha shule na vyumba vya kupanga vilivyobaki vitupu. Kiwanda kinaweza kuuzwa kwa siku moja, lakini jamaa iliyotawanyika haikusanyiki kwa sahihi ya mkataba.

Wazee wa Kiborana wanaotusikiliza hapa Kinna hawahitaji kwenda Webuye ili walielewe pengo. Wanavijua visima virefu vya tula. Watu husimama kwa ngazi, mmoja juu ya mwingine, tangu majini hadi penye birika la mifugo, wakirushiana ndoo, na zamani ilikuwa okole ya ngozi. Wimbo si wa starehe tu. Ndio unaolinganisha mikono. Wa chini akiharakisha, wa juu bado hajageuka, maji humwagika. Na maji hayamwagiki mkononi mwa mtu. Humwagika pale katikati, mmoja ameachilia na mwingine hajapokea.

Basi, tukiwa kanisa, twajiuliza juu ya vijana wetu. Kijana akitoka hapa kwenda shule Isiolo au Maua, au kutafuta kazi Nairobi, sisi huku twasema tumemwachilia mikononi mwa Bwana, na ushirika wa huko hawana habari kwamba anakuja. Barua moja kwa mchungaji wa huko, au simu moja, ingemfikia kabla ya basi. Mtume Yohana, katika waraka wake wa pili, alifupisha maneno kwa sababu aliona afadhali afike mwenyewe kuliko kuongeza karatasi na wino. Asiyeweza kufika na aandike, lakini asinyamaze.

Liko na jambo jingine, nalo ni la karibu zaidi. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2023 zilileta mafuriko katika sehemu nyingi za Isiolo. Mbuzi walikufa na mashamba yakasombwa, na hayo yalisemwa sana. Yasiyosemwa ni makaratasi. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, vyeti vya shule, vitabu vya ubatizo, vyote vililowa ndani ya masanduku ya bati. Katika nchi hii ya kaskazini karatasi si kitu kidogo. Kwa miaka mingi watu wetu walidaiwa karatasi za baba na babu kabla ya kupewa kipande. Aliyepoteza cheti cha babake amepoteza ushahidi kwamba yeye ni wa hapa. Hilo halichagui dini. Jirani zetu Waislamu walianika zao kando ya zetu.

Kwa hiyo twaomba mwasikilize mafundi wa karatasi, maana desturi yao yafaa nyumbani. Karatasi iliyolowa usiinyanyue kwa ncha ya vidole, itapasuka kwa uzito wa maji yake. Tandaza juu yake kitambaa laini, safi, kilicho na unyevu kidogo, ipapase mpaka inate, kisha uvinyanyue vyote viwili pamoja, kama blanketi linavyoitwaa karatasi juu ya wavu. Karatasi zilizogandamana zikiwa chapachapa usizilazimishe kuachana; ngoja zipungue maji kwanza. Kitabu kilicholowa kichukuliwe kimefungwa, kimelazwa juu ya ungo au sinia. Ukifika nacho, kisimamishe wima, kurasa zimeachana kidogo kama kipepeo, na uingize karatasi kavu za kunyonya hapa na pale, ukizibadilisha kila zikilowa. Kianikwe kivulini penye upepo, wala si juani, kwa maana jua kali huikunja karatasi na kuufifisha wino. Tena fanyeni upesi, kwa sababu katika joto letu ukungu waweza kuanza baada ya siku mbili tu.

Na kina mama wa ushirika wameamua kwamba, kabla ya mvua zijazo, sanduku la vitabu vya kanisa litainuliwa juu ya mawe matatu, na aliye na vyeti nyumbani avifunge ndani ya turubai. Mwenye turubai la ziada na alilete Jumapili.