Upweke wa Mwenyezi Mungu na Itikadi ya Utatu

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, Mmoja asiye na mshirika. Sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu Waislamu, mlio msikitini nanyi mlio majumbani mkitusikiliza, suala la leo limetufikia kutoka milima ya Uluguru. Kijana mmoja, mwanafunzi, alifiwa na mjomba wake aliyekuwa Mkristo. Mnaojua mila za Waluguru mnajua kuwa ukoo kwao hufuata upande wa mama, wala mjomba si mtu wa pembeni. Kijana yule hakwenda kuzika. Hoja yake ni kwamba marehemu aliabudu miungu watatu, na kumsindikiza ni kushiriki katika shirki. Mama yake hasemi naye tangu siku hiyo.

Hapa pana masuala mawili, la itikadi na la jamaa, na kijana ameyafunga fundo moja. Tuanze na itikadi.

Mwambie Mkristo kuwa anaabudu miungu watatu, naye atakana, kwani sivyo alivyofundishwa. Katekisimu yake inamwambia Mungu ni mmoja katika nafsi tatu: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Bibi Maryam hayumo katika hesabu hiyo, ingawa wengi wetu humtia. Itikadi hii ilipangwa kwa maneno ya Kigiriki. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 uliamua kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba, na ule wa Constantinople wa mwaka 381 ukaongeza maelezo juu ya Roho Mtakatifu. Huku kwetu ililetwa na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868 na kupanda hadi Morogoro katika miaka ya 1880. Njia yenyewe ni ile ya misafara, ambayo Uislamu nao ulipita kwenda bara. Katika Kiswahili likashikwa neno nafsi, lenye asili ya Kiarabu. Ajabu ni kwamba Wakristo Waarabu hawalitumii hapo. Wao husema uqnum. Sisi tusikiapo nafsi tatu, tunawaona watatu wamekaa. Sehemu ya ugomvi wetu, basi, ni ugomvi wa neno.

Lakini si wote, wala asitudhanie mtu kuwa tunasema dini zote ni moja. Mwalimu mmoja wa Kikristo aweza kukujibu: “Nanyi madrasa mwasomesha sifa ishirini za Mungu, na Mungu wenu hakuwa ishirini.” Jibu hili si jepesi, na mwanafunzi asiyejiandaa hunyamaza. Tutazame vizuri. Elimu ya Mwenyezi Mungu ni sifa yake, lakini elimu haiiombi kudura, wala uhai hautumwi na elimu. Ama katika Injili waliyo nayo, Mwana humwomba Baba, na Baba humtuma Mwana. Anayeomba na anayeombwa si sifa. Hapo ndipo tunapoachana nao hasa, na hapo ndipo Surat Al-Ikhlas inapokata kwa jina Ahad: mmoja asiyeanzisha hesabu, asiye mzazi wala mzaliwa.

Watataja pia kuwa Qur'ani imemwita Nabii Isa Neno la Mwenyezi Mungu na Roho itokayo kwake. Ni kweli, imo katika Surat An-Nisaa, aya ya 171. Na aya hiyo hiyo inawakataza Watu wa Kitabu kusema utatu. Surat Aal Imran, aya ya 59, inamfananisha Isa na Adam, aliyekuwa kwa amri tu. Adam hakuwa na baba wala mama, wala hilo halikumfanya kuwa Mungu.

Sasa la jamaa. Mluguru Mwislamu na Mluguru Mkristo, wasemapo kwao, wote humwita Muumba Mulungu. Kutofautiana kwao juu ya Mulungu huyo ni kukubwa, tumekwisha kuonyesha, lakini hakukati udugu wa tumbo. Abu Talib alipokufa bila kusilimu, Mtume alimwamuru Sayyidna Ali aende akamzike baba yake. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa, wameruhusu Mwislamu kufuata jeneza la jamaa yake asiye Mwislamu.

Basi kijana na apande mlima aende kwa mama yake, amwombe radhi. Matanga yakiwa bado, akae na wafiwa. Siku nyingine yakimfika kama hayo, achimbe kaburi na wenzake, abebe jeneza, atie udongo. Padre akianza sala yake, yeye asogee kando, asimame kimya mpaka waishe, kisha arudi kushika jembe.

Wabillahi tawfiq.