Kunyamaza si Kupona: Tumsaidie Mwanafunzi Asimame Tena



Leo tunasema juu ya wanafunzi wetu wa vyuo waliobakwa, wasichana na hata wavulana. Wengine walishikwa na watu wenye silaha wakati wa kukimbia. Wengine walitendewa na mtu wanayemjua: mwenye nyumba, rafiki wa darasa, ao mwalimu aliyeshikilia alama zao. Tangu vita ilipoingia Goma mwezi wa Januari 2025 na Bukavu mwezi wa Februari, familia nyingi zimetawanyika. Mwanafunzi anaweza kujikuta peke yake katika mji asioujua, mbali na mama yake.

Mara nyingi tunasikia watu wakisema: "Yule binti ana moyo wa nguvu, alinyamaza na akaendelea na masomo." Ndugu zetu, kunyamaza si kupona. Mtu anaweza kukaa darasani na akili haiko. Usiku halali. Mlango ukigongwa anashituka. Anasoma ukurasa mmoja mara tano bila kushika kitu. Huo si uvivu wala pepo. Ni kidonda cha moyo, na kidonda kinahitaji dawa na watu.

Mtafiti Sarah Ullman wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, kule Marekani, amechunguza jambo hili kwa miaka mingi. Ameonyesha kwamba wanaolaumiwa wanapofunua yaliyowapata huzidi kuumia. Basi neno la kwanza la mzazi lina uzito. "Ulienda kule kufanya nini?" ni chumvi juu ya kidonda. Tuseme: "Ninakuamini. Si kosa lako. Tuko pamoja."

Baada ya neno hilo, tumpeleke kwa muganga upesi. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanzishwa kabla ya saa 72 kupita, na zinamezwa siku 28. Dawa ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya siku 5, na mapema ni bora. Hata siku hizo zikipita, aende tu. Bado kuna matunzo.

Katika hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa Bukavu mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, matunzo yana nguzo nne: mwili, moyo, sheria na maisha ya kila siku. Kwa mwanafunzi, maisha ya kila siku ni masomo yake. Akipoteza kiti chake darasani, mbakaji amemnyang'anya mara ya pili.

Sasa tunasema na ninyi viongozi. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 zinamwazibu mbakaji kwa kifungo cha miaka 5 hadi 20. Aliyebakwa anaweza kuomba kesi isikilizwe kwa faragha. Lakini bado kuna wanaokaa chini ya mti, wanapokea mbuzi na faranga, ao wanamwoza binti kwa yule aliyemharibu, wakisema wameleta amani. Amani gani hiyo, ikiwa binti anakutana naye kila asubuhi kwenye njia ya chuo? Mahali ambapo korti hazifanyi kazi kwa sababu ya vita, karatasi ya daktari ihifadhiwe vizuri. Na uamuzi wa kushitaki uwe wake mwenyewe, bila kusukumwa.

Tunawaomba mambo matatu. Wazazi, msimwondoe binti chuoni kwa sababu ya haya. Ikiwa anahitaji kupumzika, mwende pamoja naye kuomba ruhusa na tarehe nyingine ya mitihani, bila kutangaza siri yake. Wanafunzi, mwandikieni masomo aliyokosa, mtembee naye jioni, msimfanye habari ya mtaa. Viongozi, kataeni mapatano ya mbuzi.

Hatusemi kwamba atasahau. Tunasema anaweza kukumbuka na bado akasoma, akacheka, akamaliza chuo. Tumewaona wanaofika huko, na karibu wote walikuwa na mtu mmoja aliyewaamini tangu mwanzo. Mtu huyo anaweza kuwa wewe.