TOBOA KIBAO, USITOBOE GARI

(Mazungumzo ya fundi wa gari la chama mbele ya wanachama, ghalani, baada ya mkutano. Yameandikwa kama alivyosema. Anayejua kusoma amsomee na mwenzake.)



Nimepewa nafasi fupi nieleze habari ya kibao cha namba cha gari, kile ambacho vijana wanakiita pleti namba. Najua wengine mtacheka. Mtasema tumekuja kuzungumza bei ya pamba, fundi anatuletea habari ya kibati. Nisikilizeni kwanza, halafu mcheke.

Mnalikumbuka pikapu letu. Lilipofika kutoka bandarini Dar es Salaam lilikuwa limetumika Japani, lakini bodi yake ilikuwa safi, haina hata doa la kutu. Vibao vilipotoka, dereva alikuwa na haraka, na mimi siku hiyo sikuwapo. Akamwachia fundi mmoja wa pembeni mwa barabara. Yule ndugu akachukua msumari na nyundo, akatoboa mlango wa nyuma matundu manne, akakaza kwa skurubu za mbao. Kazi ya dakika tano. Ilipendeza kwa macho.

Masika moja ikapita. Rangi ikaanza kuvimba kuzunguka yale matundu kama ngozi iliyoungua. Maji yalikuwa yanaingia ndani ya mlango, yanakaa humo humo na tope. Nilipoufungua, chini mlikuwa mmeoza. Msiba wa pili ukafuata: safari ya kurudi kutoka njia ya Geita, usiku, skurubu zilikuwa zimelegea na kibao cha nyuma kikadondoka. Hakuna aliyejua kimedondokea wapi. Gari likazuiwa, mzigo ukalala, na ninyi mliokuwa mnangoja mbegu mkangoja siku mbili. Fedha ya kuchomelea mlango na kupaka rangi ilitoka kwenye mfuko wa chama, yaani mfukoni mwako na mwangu. Mimi nabeba lawama yangu: sikulikagua gari baada ya kazi ile.

Haya. Namba ni ya nini hasa? Mji wa Paris, Ufaransa, uliamuru magari yawe na vibao tangu mwaka 1893, na Uingereza ikafuata kwa sheria ya 1903. Walichotaka ni kwamba mtu akigongwa, aliyegonga ajulikane. Kwetu hapa namba hutolewa na Mamlaka ya Mapato. Kibao cha manjano ni cha gari la mtu binafsi, cheupe ni cha gari la biashara. Pikipiki namba zake huanza na MC. Na sheria yetu inataka kila chombo cha moto kiwe na bima ya kumlipa mtu mwingine atakayeumia. Sasa niambieni: mtoto wako akigongwa njiani Katoro au Kahama, gari likakimbia, na kibao kimejaa tope au kimekunjwa, utakwenda kumdai nani? Bima imeandikwa kwa namba. Bila namba huna pa kuanzia. Kwa hiyo kibao ni shahidi wa mtu aliyeumia, na tukikifunga ovyo tunamfukuza shahidi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Kwanza, pima kabla ya kushika drili. Magari mengi tunayonunua yametoka Japani, na kibao cha Kijapani ni kifupi na kipana, sentimita 33 kwa 16 na nusu. Matundu yake ya bolti yako umbali wa sentimita 21, na bolti ni za milimita 6, zile za spana namba 10. Kwa hiyo gari linakuja na matundu yake tayari, yaliyotengenezwa kiwandani na kukingwa na kutu. Kibao chetu kirefu cha mstari mmoja matundu yake hayalingani na hayo. Hapo ndipo watu wanapokosea: wanaona hayalingani, wanatoboa gari. Ndugu zangu, kibao ni cha alumini, hakishiki kutu kama chuma, na kinatoboka kirahisi. Gari ni bati la chuma. Toboa kibao, usitoboe gari! Na kama nafasi ya nyuma ni fupi, omba kibao cha mistari miwili tangu mwanzo. Usipewe kirefu ukaanza kukikunja.

Chukua kipande cha boksi, kiweke kwenye gari, utie alama ya matundu yaliyopo. Kisha weka lile boksi juu ya kibao, utafute katikati, uone tundu litaangukia wapi. Likiangukia kwenye herufi au tarakimu, acha. Usitoboe namba, wala usiifunike kwa kichwa cha bolti, maana 3 inaweza kuonekana 8. Hapo tengeneza mkono wa chuma bapa unaoshika matundu ya gari, na kibao kishikwe na huo mkono. Au nunua fremu ya plastiki, lakini angalia kingo zake zisifunike maandishi.

Pili, ukikosa njia kabisa na lazima utoboe gari, toboa bampa ya plastiki, siyo bati la mlango. Kabla ya hapo inama uangalie nyuma yake kuna nini. Mbele kuna rejeta, nyuma kuna nyaya za taa. Nimeona rejeta ikitobolewa kwa ajili ya kibao! Zungushia biti ya drili selotepu, ikuonyeshe mwisho wa kuingia. Bandika selotepu nyingine juu ya rangi isije ikachubuka. Gonga panchi kidogo ili biti isiteleze, anza na biti ndogo ya milimita 3, halafu ndiyo uje na kubwa. Msumari na nyundo, hapana. Msumari hautoboi, unapasua, na bati linabonyea kwa ndani.

Kama ni bati umetoboa, kazi haijaisha. Lainisha kingo kwa tupa. Futa chenga zote za chuma, hata zilizodondoka pembeni, maana zikilowa zinapata kutu juu ya rangi nzima. Paka rangi ya msingi ya chuma ndani ya tundu, iache ikauke, kisha paka rangi ya gari. Tia grisi kidogo kwenye bolti. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta walikuwa kama wanalizungumzia tundu hili.

Tatu, weka mpira. Kata vishikizo vya duara kutoka tyubu ya zamani ya baiskeli. Kimoja kikae kati ya kibao na bodi, kingine chini ya kichwa cha bolti. Tena bandika vipande viwili vya mpira kwenye pembe za chini za kibao. Kwa nini? Barabara zetu za vumbi zina matuta madogo madogo, gari linatetemeka safari nzima. Kibao kisichokuwa na mpira kinapiga bodi kama ngoma, na lile vumbi lililoingia katikati linakuwa msasa. Ukija kukifungua baada ya mwaka utakuta rangi imelika mpaka kwenye chuma.

Nne, kaza kwa kiasi. Ukikaza sana alumini inajikunja na kupasuka kwenye tundu. Ukilegeza, inadondoka. Tumia washa pana, na nati zile za kujifunga zenye plastiki ndani. Ukisafiri siku ya kwanza, jioni rudia kukaza.

Yasiyofaa nayataja upesi. Kuchomelea kibao kwenye gari hakufai: moto unaunguza rangi ya mbele na ya nyuma ya bati, na kutu inaanzia upande usiouona. Waya wa kufungia uzio haufai, unakata kibao na kukwaruza. Gundi kali haifai, ukiitoa inaondoka na rangi. Gundi ya pande mbili peke yake nayo haiaminiki kwa jua letu na vumbi letu. Ikibidi kuitumia, osha mahali hapo, kausha kabisa, na bado weka bolti mbili.

Neno kwa vijana wa pikipiki. Kibao chenu kimening'inia kwenye madigadi ya nyuma, kinatikisika kuliko vyote, kinapasuka kwenye matundu. Kateni kipande cha dumu la mafuta, saizi ya kibao, mkiweke nyuma yake kama mgongo, na mipira katikati. Kitadumu. Lakini kukikunja kibao kiingie chini ya kiti, au kuning'iniza gunia juu yake, huko siyo kukitunza. Ni kujificha. Na abiria unayempakia ni mwanachama mwenzako.

Baada ya mazungumzo yaliulizwa maswali mawili.

Mama mmoja aliuliza: Je, kibao kikidondoka na kupotea, mtu aandike namba kwenye boksi aendelee na safari? Jibu: Hapana, mama. Toa taarifa polisi ya kwamba kimepotea, upate karatasi yao, ndipo uende Mamlaka ya Mapato kuomba kingine. Usichelewe. Kibao chako kikiokotwa na mtu mbaya akakifunga kwenye gari lake, atakayetafutwa ni wewe.

Mzee mmoja aliuliza: Mlango uliokwisha kutobolewa tuufanyeje? Jibu: Mzee wangu, usiyaache matundu wazi na usiyazibe kwa puti tupu. Futa kutu mpaka chuma king'ae, paka rangi ya msingi, ziba kwa kizibo cha mpira au chomelea vizuri, kisha paka rangi. Na chini ya mlango kuna vijitundu vya kiwandani vya kutolea maji. Vile usivizibe, vizibue kwa kijiti.

Mwisho, naomba kamati ikubali jambo moja: kila Jumamosi dereva aoshe vibao, avishike kwa mkono aone kama vinacheza, na awashe taa ya namba aone inawaka. Ni kazi ya dakika tatu. Spana namba 10 na mpira wa tyubu vitakuwa ndani ya sanduku la gari siku zote. Asiyevikuta aje aniulize mimi.

Gari hili ni jasho la pamba yetu. Tulitunze.