Usimwage Dang'a, Mama

Ndugu akina mama na akina baba, leo tuzungumze habari ya dang'a. Dang'a ni yale maziwa mazito, ya njano, yanayotoka siku za kwanza baada ya mama kujifungua. Wapo wanaosema ni machafu. Huyakamua, wakayamwaga, na mtoto akapewa maji ya sukari. Ndugu zangu, huko ni kumwaga kinga! Dang'a ni kidogo, lakini humkinga mtoto na maradhi.

Basi tufanyeje? Mtoto anyonye katika saa 1 ya kwanza tangu kuzaliwa. Mama naye hufaidika: mtoto akinyonya, mji wa mimba hujikaza na damu hupungua kutoka.

Kwa miezi 6 mtoto anyonye tu. Hata maji asipewe, maana ndani ya maziwa ya mama maji yamo. Dawa apewe akiandikiwa na mganga wa zahanati. Baadaye aanze uji na vyakula vingine, huku akinyonya mpaka miaka 2 au zaidi.

Je, ninyi akina baba? Mama anayenyonyesha ale ashibe, na jembe mshike ninyi. Bibi naye asimkimbilie mtoto na kikombe cha maji. Kikombe hicho ampe mzazi. Huyo ndiye mwenye kiu.