Siku Saba Hakuna Aliyepika
(Mazungumzo ya mwanachama katika sherehe ya miaka 10 ya kikundi)



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu kutufikisha miaka kumi, kisanduku chetu bado kina kufuli tatu na funguo bado ziko kwa watu watatu. Kamati imeniomba nizungumzie safari yangu ya Alaska. Nimekubali kwa sababu najua yaliyosemwa: eti mwenzenu alichukua mgao wake wa Desemba 2022, shilingi 2,400,000 alizotuambia ni za mabati, akaenda kuzila kwenye meli ya watalii huko kwenye barafu. Jamani, ni kweli. Nilizichukua. Leo nieleze matumizi, kama tunavyoelezana kila Jumamosi.

Binti yangu anaishi Seattle, kaskazini-magharibi ya Marekani. Ni muuguzi, zamu ya usiku. Mumewe anaendesha basi, anatoka alfajiri. Nilipowatembelea mara ya kwanza, 2017, nilikaa wiki sita na sikumbuki hata siku moja tuliyokula sote pamoja. Huyu anaingia, yule anatoka, mjukuu yuko shule, mimi na televisheni. Nilirudi Tanga nimenenepa na nina huzuni. Basi waliponiambia wanataka kutupakia melini bibi wote wawili, juma zima, niliuliza swali moja tu: huko melini kuna zamu? Wakasema hakuna. Nikasema nihesabuni. Ndege walilipa wao. Kitanda cha melini nililipa mwenyewe, maana sikutaka mtu aje kusema mama wa mke ni mzigo.

Mtu huyo aliyeweza kusema ni mzazi mwenzangu, mama yake mkwe wangu, Mmachame. Sisi wawili tulikuwa hatusemezani vizuri tangu ndoa ya 2010. Sababu nyingine ni za dini, nyingine ni za mdomo wangu. Na watoto, kwa ujanja au kwa kubana matumizi, wakatuweka chumba kimoja! Chumba cha ndani kisicho na dirisha, sisi wawili na mjukuu wa kike wa miaka 11, yeye juu kwenye kitanda kinachoshushwa kutoka darini.

Kabla sijafika huko, neno la visa, kwa wenye watoto nje. Meli inatoka Seattle na kurudi Seattle, mtu atadhani visa ya Marekani inatosha. Haitoshi. Wana sheria yao ya 1886 inayozizuia meli za bendera za nje kubeba abiria baina ya bandari za Marekani tu, kwa hiyo meli hizo lazima zipitie bandari ya nchi nyingine. Yetu ilipitia Victoria, Kanada, jioni moja. Kwa ajili ya jioni hiyo tulitafuta visa ya Kanada miezi mitatu, na ile ya Marekani ikabidi iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Ulizeni mapema.

Tuliondoka Julai 2023. Usiku wa kwanza meli ilipita bahari kuu, nikatapika, mimi mtoto wa Tanga niliyezaliwa nasikia mawimbi! Mzazi mwenzangu wa mlimani alikuwa mzima kabisa. Alinishikia ndoo, akanipa tangawizi aliyoificha kwenye soksi. Hakusema neno. Nami sikusema.

Siku mbili za mwanzo binti yangu alilala. Nilimkuta mchana amelala na viatu, mtoto wa kiume wa miaka sita amemkalia miguuni anachora. Nikamwambia mumewe, mwache. Siku ya tatu aliamka, akaja mezani na nywele zake timtim, akala sahani mbili za wali na samaki wa kule, salmoni, akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka vile tangu yuko sekondari. Na siku zote saba, wenzangu, hakuna aliyepika, hakuna aliyeosha sufuria. Mimi mikono ilikuwa inaniwasha.

Juneau ndio makao makuu ya jimbo la Alaska, na hakuna barabara ya kufika hapo kutoka mji mwingine. Ni meli au ndege. Jua lilizama karibu saa nne usiku, Magharibi nikaiswali wakati Tanga ni asubuhi, watu wameshaamka. Nao kule wana mfuko! Jimbo liliuanzisha 1976 kwa sehemu ya mapato ya mafuta, na 1982 likatoa mgao wa kwanza, dola 1,000 kwa kila mkazi, mzee na mtoto sawasawa. Mwaka 2016 gavana akaukata karibu nusu, ukawa dola 1,022, na watu wakagombana hadi mahakamani. Nilifurahi kidogo, nisiwafiche. Nilidhani ni sisi tu tunaogombania mgao.

Ketchikan mvua ilitunyeshea kutwa, na ndiyo kawaida yake. Tuliona nguzo ndefu za miti zilizochongwa kunguru na tai, kazi ya wenyeji, Watlingit. Kwa Watlingit mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Nilipofasiriwa hilo nikamgeukia mzazi mwenzangu: "Umesikia? Hawa wajukuu ni wangu." Akajibu, "Basi ada za shule lipa wewe." Tukacheka mpaka watu wakageuka. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya kwanza ya maana kwa miaka kumi na mitatu.

Lakini siku yenyewe ilikuwa ile ya Glacier Bay. Walinzi wa hifadhi walipanda melini asubuhi wakatueleza. Ghuba nzima ile ilikuwa barafu. Wanamaji wa George Vancouver walipopita 1794 waliukuta ukuta wa barafu karibu na mlango wake. Kabla ya hapo wenyeji walikuwa wakiishi mle, barafu ikawafukuza; kisha ikarudi nyuma, na leo meli inaingia ndani zaidi ya kilomita 100. Tukasimama mbele ya mto wa barafu uitwao Margerie, upana wake kama kilomita moja na nusu, rangi ya buluu kama chupa. Injini ikatulia. Kipande kikakatika, sauti ikatufikia baadaye kama radi.

Wote wakapiga makofi. Mzazi mwenzangu analia. Nikadhani ni baridi, nikavua khanga yangu ya pili nikamfunga kichwani. Akaniambia, "Nilipokuwa msichana, asubuhi tukitoka kwenda kuchota maji, Kibo ilikuwa nyeupe mpaka huku chini. Mwanangu hakuiona hivyo. Huyu mtoto atasikia tu." Wataalamu wanasema kati ya 1912 na 2007 asilimia 85 ya barafu ya Kilimanjaro ilipotea. Yeye hakuhitaji wataalamu. Mjukuu akamshika mkono akamwuliza, kwa Kiswahili, cha kuvunjika lakini Kiswahili, "Bibi, Kibo iko wapi?" Tangu hapo kila usiku chumbani ilikuwa hadithi, sisi wawili tukishindana, huyu Machame, huyu Tanga, mtoto juu darini anauliza mpaka tunalala.

Sasa makosa. Chakula kilikuwa ndani ya nauli, lakini soda, picha na bakshishi ya kila siku kwa kila kichwa vilijumlishwa mwisho, na hesabu ile ilimnyima binti yangu usingizi aliokuwa ameupata. Hatukuuliza mwanzoni. Mimi mwanakikundi, nikasahau kuuliza!

Mzazi mwenzangu yuko Machame, magoti yanamsumbua. Kila Jumapili mjukuu anatupigia simu sote wawili kwa pamoja. Khanga hajanirudishia, na sijamdai.

Mabati yalihitajika 50. Nimeshanunua 28. Mzunguko huu nimeongeza hisa, mweka hazina anayo kwenye daftari, anayetaka akaangalie.